Shaba Imerudi, Imekonda

Saa tano ya usiku umeme ulirudi Katuba,
nao haujui kubisha hodi.
Uliingia kwa Mama Kabedi kama mkwe aliyelewa,
ukaiua friji, na ndani ya friji
samaki wa Kasenga, wa mkopo.

Asubuhi aliisukuma hadi kwangu kwa mkokoteni.
Hakusema. Alisimama tu, kitenge begani.

Kompyuta yangu ina ufa katikati ya kioo.
Programu niliipata bure, ni programu huria:
haina ufunguo wa kuiba, haina siku ya kwisha,
haikuniuliza kadi ya benki wala diploma.
Waliiandika watu nisiowajua,
na kila aliyepita aliacha mlango wazi.

Nikachora. Transfoma kushoto,
swichi ya sumaku kulia,
diodi, vikinza vitano, chipu ya kupima volti.
Kwenye mchoro vitu havina uzito:
transfoma naihamisha kwa kidole,
ileile iliyoniponda gumba jana.

Nikaiambia: kagua.
Ikanijibu bila hasira: pini ya saba haina kwao.
Nikaiunganisha.
Ikasema: ardhi imekatika mahali pawili.
Nikacheka peke yangu.
Ndugu yangu, hapa nani asiyelijua hilo?

Baba alifanya miaka ishirini na sita kwenye tanuri.
Alirudi na salfa kwenye kola,
hakurudi hata na msumari wa shaba.
Malori yalielekea Kasumbalesa usiku kucha,
mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mekundu kama ndimi.
Leo nimenunua kipande cha bao, kiasi cha kiganja.
Kimetoka ng'ambo. Juu yake pana shaba
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nami nimeilipia kwa dola.
Karibu nyumbani. Umekonda.

Kupanga vifaa ni kama kugawa kiwanja cha marehemu:
kila mmoja anataka kuwa karibu na mlango.
Nilizipitisha njia moja moja,
ile ya volti mia mbili ishirini nikaipa upana na upweke,
milimita sita mbali na jirani, maana huyo anauma.
Umbo la swichi halikuwemo maktabani;
ilitoka kwenye televisheni iliyokufa.
Nikaipima miguu kwa rula ya shule ya Mwadi,
nikalichora umbo, nikalituma likae na mengine.
Huenda pana mtu, sijui wapi,
ameshika maiti ya televisheni kama hiyo.

Nilichapisha mjini, karatasi ya kung'aa.
Nyumbani umeme hakuna.
Basi pasi ya makala: dakika nne, nikiikandamiza,
jivu likiniangukia miguuni.
Kisha dawa ya kahawia kwenye beseni,
nikilibembeleza kama mtoto anayekataa kulala,
hadi shaba isiyotakiwa ikaondoka
zikabaki njia tu.

Nzuri. Ila kinyume.
Nilisahau kugeuza karatasi kama kwenye kioo,
mguu wa kwanza umekaa wa nane.
Hilo programu haikuliona; lilikuwa langu.
Mwadi akasema: si uviweke upande wa pili?
Miaka kumi na mmoja, ananiambia hivyo, anakula muhogo.

Nikavilehemu upande wa shaba yenyewe,
kwa kubana pumzi, ncha ikipenya chini ya matumbo yao.
Bao baya. Sijapata kuona baya kama hilo.
Nikalifunga ndani ya kopo la majarini,
nikaandika juu kwa kalamu: Toleo la kwanza.
Kwenye faili nikaongeza: kabla ya kuchapisha, geuza.

Friji ilipata mota nyingine, ya mtumba.
Usiku wa Jumanne tulikaa jikoni kwa Mama Kabedi
na mshumaa.
Saa tano kasoro, balbu ikawaka nyeupe mno, ikalia.
Tak, likasema kopo. Hapana.
Tukangoja. Nta ikadondoka mezani.
Balbu ikatulia, ikawa njano.
Tak.