Ganda la Chungwa Juu ya Ramani

Theluji ilikuwa imefunga barabara za Bergamo
siku tuliyokaa jikoni kuipanga bahari.
Ramani tuliitandaza kama kitambaa cha meza,
kona moja tukaibana kwa mkebe wa chumvi,
ya pili kwa birika la kahawa,
ya tatu kwa kiwiko cha shemeji Tarcisio,
kiwiko kisichojua kutulia;
ya nne ilijikunja, ikajikunjua,
ikajikunja tena, ikaifunika Sardinia.
Hatukujali. Sardinia haikuwa ya mfuko wetu.

Wifi Loredana alishika kalamu na kikokotoo.
"Agosti," akasema, "ni bei ya harusi.
Juni ni bei ya ubatizo."
Tukachagua ubatizo.
Yoti ya matanga, futi arobaini na mbili,
vyumba vitatu, vyoo viwili,
tangi la maji lita mia nne.
"Kwa hiyo nywele," akaonya, akimtazama binti yangu,
"mtaoshea baharini."
Nahodha, kwa siku, kando. Dizeli, kando.
Shuka na taulo, kando. Usafi wa mwisho, kando.
Kila kitu kilikuwa kando,
nikajiuliza katikati kumebaki nini.

Tarcisio alitaka Capri, apigwe picha.
Ivo, mume wangu, alitaka Palmarola,
kusiko na mtu wa kumpiga picha.
Mimi nilitaka Procida, nyumba zake za rangi ya peremende,
nilale sitahani, asiniite mtu "mama"
hadi jua lifike utosini.
Tukabishana juu ya pepo tusizozijua:
maestrale ikivuma tujifiche wapi,
siroko ikija nani atatapika wa kwanza.
Watu wa milimani sisi,
bwawa la kuogelea tu linatutia hofu,
lakini vidole vyetu vilivuka ghuba
kwa kasi ambayo hakuna tanga lililowahi kuijua.

Mama mkwe, Ottavia, alikuwa akimenya chungwa.
Tulikuwa tumemhesabia chumba kilicho karibu na choo,
kwa heshima ya miaka yake themanini na saba,
ila neno lake hatukuwa tumeliuliza.
Alimenya ganda kwa utepe mmoja usiokatika,
akalishusha juu ya ramani, taratibu,
kama mtu anayeteremsha nanga.
Likatua juu ya kitone tulichokuwa tukikiruka kila mara:
Ventotene.

"Hapa," akasema.
"Baba yangu alikaa hapa miaka minne,
wala hakulipia shuka."

Kalamu ya Loredana ikasimama.

"Alikuwa mchapaji wa karatasi zilizokatazwa.
Walimchukua usiku; mimi sijajua kutamka jina lake.
Barua zilifika zimepakwa wino mweusi,
mstari baada ya mstari, kama shamba lililoungua.
Palipookoka ni pale aliposifu dengu.
Kila barua, dengu.
Dengu za huku ni ndogo, zaiva upesi,
nikirudi nitawapikia.
Akarudi na kikohozi. Hakupika."

Theluji ikaporomoka kutoka paani, pu!
Ivo akaondoa kidole chake Palmarola.
Tarcisio akafungua mdomo aitetee Capri,
akaufunga, akajimiminia kahawa iliyokwisha poa.
"Nanga pale hushika?" akauliza mama.
Hakuna aliyejua. Tukampigia nahodha kule Pozzuoli,
simu yake imejaa upepo:
bandari ni ya Warumi, ilichongwa mwambani,
salama, lakini finyu kama mfuko wa koti;
tuweke nafasi mapema.

Tuliweka. Loredana alituma theluthi ya fedha
usiku uleule, theluthi isiyorudishwa.
Maji tumeyavulia nguo.
Capri imebaki ya kupita tu, kupungiwa mkono.

Ramani ipo bado, tumeibandika kwenye friji.
Mafuta ya ganda yameacha duara,
na karatasi pale imekuwa nyembamba machoni:
ukiiinua mbele ya taa, waona upande wa pili.
Na kwenye orodha ya vyakula,
chini ya tambi, mvinyo, vidonge vya kichefuchefu,
kuna mwandiko unaotetemeka:
Dengu msibebe. Tutanunua huko.