Duka la Kanda, Kutaisi

Shangazi Nanuli hakuamini maneno ya kwenye makasha.
Kasha likisema "drama", aliguna:
"Drama ya nani? Ya aliyeachwa, au ya aliyeondoka?"
Akashika kalamu ya wino wa zambarau
akazigawa kanda kwa mkono wake.

Rafu ya dirishani: Wanaogombana Mezani.
Mvinyo unamiminwa, mkate unakatwa,
kaka mkubwa karudi na viatu vipya,
na supu haijapoa
mtu atataja shamba, au mama, au zile fedha.
Sahani sharti ivunjike. "Isipovunjika," alisema,
"mrudishie mteja pesa yake."

Ya chini, karibu na jiko la kuni: Waliochelewa.
Humo barua hufika baada ya harusi,
treni inang'oka, mwanamke anakimbia koti halijafungwa,
na mvua, mvua haikosi,
hata kama tangu alfajiri jua liliwaka.
Wanawake wa kiwanda cha soksi walizikodi Ijumaa,
wakazirejesha Jumatatu macho yamevimba,
wakasingizia mafua.

Juu kabisa, kwa ngazi: Nguo Nzito.
Wafalme, mishumaa mia, na hakuna anayepiga chafya.

Nyuma ya mlango: Mahakama.
Rafu hiyo ilikuwa kama mali ya Zaur, mchomelea vyuma.
Aliwahi kushindwa kesi ya nyumba ya baba yake
kwa karatasi moja yenye muhuri,
dakika kumi na moja, hakimu akitazama saa.
Basi alikodi majaji wasio na haraka,
mawakili wa pumzi ndefu,
na ule mlango unaofunguka wakati wote wamekata tamaa,
shahidi akaingia, amelowa, anahema.

Kanuni nyingine nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili:
anayekohoa mwanzoni, usimzoee.
Leso ikishatoka mfukoni, hafiki mwisho.
Kwa hiyo Novemba ile Nanuli alipoanza kukohoa
nilimpikia chai bila kuagizwa,
nikasema naye kwa sauti ya chini
kana kwamba kuna fidla inapigwa nyuma ya ukuta.
Alinivumilia siku tatu.
"We mtoto, ni vumbi la kanda hizi! Fungua dirisha."

Aliyekwenda ni Zaur.
Hakukohoa. Hakuaga. Hakuacha sentensi ya kukumbukwa.
Alinunua betri na vitunguu, akaketi kituoni,
basi likaja, likaondoka.
Mvua haikunyesha. Nakumbuka,
maana nilikuwa nimeanika mashuka.

Wiki mbili baadaye binti yake, Eteri, alileta kanda,
sarafu za faini zimelowa jasho kiganjani.
Haikuwa imerudishwa mwanzo.
Nanuli aliitia mashineni:
wazee wa baraza wamesimama, karani anakunjua karatasi,
picha inatetemeka kidogo
palepale Zaur alipoizima ili akalale.
Tulisimama watatu. Hakuna aliyebonyeza.

"Alishinda?" Eteri akauliza.

Nanuli, aliyeijua kanda ile neno kwa neno,
akaanza kutafuta miwani
iliyokuwa usoni pake.
"Kaa kwanza," akasema. "Maji yako motoni."

Sarafu alizikataa.
Kwenye daftari, safu ya faini, aliandika kwa zambarau: imerudi.
Lakini mpaka mwaka tulipofunga duka
kanda haikurudi Mahakama,
wala haikushuka kwa Waliochelewa.
Ilikaa chini ya kaunta, imesimamia palepale,
na mteja akiiulizia
alijibiwa kwamba imeazimwa.