Namba Chini ya Meza

Barua ya uhamisho ilifika Jumanne:
Tabora kwenda Kigoma, ndani ya siku kumi na nne,
posho itafuata.
(Walimu wenzangu, mnalijua hilo "itafuata".)

Nikaenda Isevya kutafuta gari.
Kumbe gari halitafutwi, hutafutwa mwenye simu.
Kapaya akanipokea, kalamu sikioni:
"Fuso ninayo, madamu. Turubai lake halivuji."
Hakuuliza kitanda ni cha mninga au cha chuma,
hakuja kuona kabati, ndoo za asali, cherehani ya mama.
Aliangalia viatu vyangu, akataja laki tisa.
Nikatoa tatu, kishika uchumba,
kama mtu anayeposa bila kuiona sura.

Siku ya kupakia tuliahidiana saa kumi na mbili.
Fuso ikaja saa tano,
nusu yake mbolea ya tumbaku ya mtu wa Urambo.
Ruhaga, dereva, akashangaa:
"Gari la Kapaya? Kapaya yupi?
Hili la Hajati Mwamvua wa Ujiji.
Kapaya hana hata toroli."

Kaliua, tukingoja pancha izibwe,
tukahesabu, yeye na mimi, juu ya gunia.
Yeye ameambiwa laki tano na nusu.
Mimi, tisa.
Katikati pale alikaa mtu
aliyebeba maneno tu,
na maneno hayapimwi kwenye mizani ya barabarani.

Sikukasirika papo hapo.
Hasira ilinikuta Uvinza, pamoja na vumbi.

Wala simwonei. Bila yeye
Ruhaga ningemjulia wapi?
Dalali ni daraja, sawa,
ila daraja lisiseme
"mimi ndiyo ng'ambo".

Mwanga tuliingia usiku. Kabati, mguu mmoja hauna.
Kapaya kwenye simu: muulize dereva.
Dereva: muulize Hajati.
Hajati, kwa upole kabisa: mwanangu, ulisaini wapi?
Nikapekua mkoba hadi bitana.
Sikuwa nimesaini popote.

Kabati limesimama juu ya tofali mpaka leo,
wageni hudhani ni mtindo.
Na chini ya meza, kwa kalamu ya wino mzito,
nimeandika namba ya Ruhaga, namba ya Hajati,
na neno moja: KARATASI.
Barua nyingine ikija,
kabla sijafunga hata kijiko
nitaipindua meza.