Orodha ya Waliochelewa

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori
iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi tangu enzi za mapadri,
na siku ya kurudi, Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani wa serikali,
hupigwa saa mbili kamili. Si kwa wanafunzi,
ni kwa ajili yetu sisi wenye vitambi na miwani,
tunaopanda ngazi za Kadutu tukihema,
kila mmoja na kidumu chake cha maji.
Ndiyo desturi. Harudi mtu mikono mitupu.

Mimi nilifika saa tatu kasoro dakika kumi na tatu.
Mvua ilinikuta Nyawera, teksi ikagoma,
na tope la Kadutu halimjui mkurugenzi.

Getini alisimama rais wa wanafunzi,
Nabintu wa mwaka wa tano, shati limenyooshwa kwa pasi ya makaa,
utepe wa kijani begani, na nyuma yake serikali nzima:
waziri wa chaki, waziri wa maji,
waziri wa michezo mwenye soksi moja.
Alitazama kucha zangu. Alitazama viatu.

"Baba, umechelewa dakika arobaini na saba."
"Mwanangu, barabara..."
"Barabara tunaijua. Kalamu ni hii. Jiandike mwenyewe."

Nikacheka. Hakucheka.

Hajui, mtoto huyu, kwamba daftari lile nililianzisha mimi.
Mwaka ule nilikuwa waziri wa nidhamu,
niliyechaguliwa kwa maharage: kila mwanafunzi punje moja
ndani ya chupa ya amtakaye.
Chupa yangu ilipomwagwa mezani mbele ya prefe
zikatoka punje thelathini na nane za maharage
na punje moja ya mahindi.

Kicheko kikatikisa mabati.
Nilijua mkono ulioitia. Birindwa, dawati la mwisho, ubavuni mwangu,
aliyeweza kuiga sauti ya prefe, sauti ya mbuzi,
na ya prefe akimfukuza mbuzi.

Jumatatu nikamwandika: anapiga kelele.
Jumatano nikamwandika: anapiga kelele.
Ijumaa alikuwa kimya, anachonga penseli kwa wembe.
Nikamwandika.

Mara tatu ni barua, na barua ni mzazi,
na mzazi wake alikuwa Kamituga, chini ya ardhi,
akichimba dhahabu ya watu.
Hakuja mzazi. Birindwa akashuka ngazi,
madaftari yamo ndani ya mfuko wa sukari.
Kwenye kona akageuka mara moja, akalia kama mbuzi.
Tulicheka wote.
Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Sasa tumepangwa foleni uani, watu wazima, kwa urefu.
Ziwa kule chini limepenyeza vidole kati ya vilima,
sombe inatokota jikoni,
na Nabintu anaita majina mwaka kwa mwaka
kutoka madaftari yaliyoonjwa na panya.
Aliyepo hujibu: nipo.
Asiyepo, awe Kampala, awe mgodini,
awe kule asikorudi mtu,
hujibiwa na aliyeketi naye dawati moja:
yuko njiani.
Ndipo uwanja mzima unaitikia.

Akafika kwenye mwaka wetu. Mwandiko niliutambua kwa mbali,
herufi zimelala upande
kama watu wenye haraka.

"Birindwa Lwaboshi."

Kimya. Majani yakadondosha mvua juu ya rimu,
ti,
ti.
Mtu mmoja mstari wa mbele akageuka, akaniangalia,
halafu akaangalia viatu vyake.

"Birindwa Lwaboshi," akarudia.

"Yuko njiani," nikasema,
kidumu bado mkononi, kimenikata vidole.
Sijui kama uwanja uliitikia. Sikusikia.
Nabintu hakuinua macho. Aliweka alama
kwa penseli, ile inayofutika,
akalowesha kidole kwa mate,
akafunua ukurasa.