Ukurasa Mmoja, Newala

Ukurasa mmoja, shilingi mia saba;
umeme umekwenda, na jenereta lazima inywe.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa.
Nasema. Somoe anapiga chapa.

"Mimi, Mkumba Nampunju,
karani wa mizani wa zamani, chama cha msingi,
nilihukumiwa miaka sita, nikaitumikia,
naomba kwa unyenyekevu"

(unyenyekevu linamsumbua, anafuta, anarudia)

"msamaha wa kosa dogo
la kilo mbili kwa kila gunia la korosho."

Vidole vikasimama.
Nje kuku walikuwa wanaparura
mfuko wa salfa wa mwaka jana.

"Dogo?"
Hakunitazama.
"Msimu ule mama alileta magunia kumi na moja
kutoka Mkunya, kwa baiskeli ya kuazima,
moja moja, siku nne.
Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye karani."

Ishirini na mbili.

"Ndilo godoro la bweni hilo. Ndiyo sare.
Kidato cha kwanza mimi nilisimuliwa."

Sikujua.
Yaani, nilijua: nilijua uzito, sikujua majina.
Kidole gumba hiki hapa
ndicho kilichokaa chini ya sahani ya mizani,
kinainua kidogo tu,
kama mtu aliyechoka anayetafuta pa kuegemea,
na mkulima mbele yangu anajifuta jasho,
anasoma mshale, anauamini.
Walanguzi wa kangomba walikuja usiku.
Mimi nilikuja mchana, na muhuri.

Siku ile lango la Lilungu lilipofunguliwa
nilijiona sidaiwi.
Kumbe nilikuwa nimeilipa serikali.

"Futa dogo," nikamwambia.
Akafuta.
"Futa na naomba."
"Hapo hapana. Barua ya maombi isiyo na naomba
ni risiti, na wewe hujalipa."

Tukaendelea. Wadhamini wawili: nikataja mmoja,
wa pili nikasema nitamtafuta.
Sababu za kuomba: nikasema kazi,
nikasema watoto wananiandika jina la babu yao
kwenye fomu za shule, wanalikwepa langu.
Alipiga yote. Hakuongeza neno.

Karatasi ikatoka na joto lake.
Akasogeza kidau cha wino; nikabonyeza gumba,
likaacha alama nyeusi, iliyopinda.

Nikampa elfu moja.
Akaweka chenji mezani, sarafu mia, mia, mia,
kisha akazifunika kwa kiganja.

"Hesabu," akasema.
"Hesabu kwa sauti. Nisikie."