Jumamosi ya Mwisho ya Agosti, Karakana ya Chini

Mkuu wa idara amenipa dakika ishirini
na karatasi ya kusoma: karibuni, ratiba, mabweni, ada.
Nimeikunja mara nne, nimeisokomeza
chini ya mguu wa meza hii inayoyumba.
Mnaona? Imetulia.
Sogeeni.

Mimi si mwalimu. Mimi ni Halszka wa funguo,
mwaka wa ishirini na tisa humu,
kilipokuwa kiwanda cha pamba, hapa hapa Łódź,
ambamo bibi yangu aliacha sikio la kushoto
kwa kelele za mitambo ya kufuma.
Nikiwatazama midomo mnaponisemesha, msione haya;
kwetu ndivyo tulivyolelewa kusikiliza.

Mama mwenye koti la kijani ameniuliza mara mbili
kama usanifu una ajira.
Mama, sijui.
Najua mashine ya kukatia inafunguliwa saa nne,
na najua binti yako, tangu aingie,
anapapasa upindo wa pazia langu
aone ulishonwaje.
Hilo hatukumfundisha sisi.

Haya, mizigo.
Ile seti ya kalamu mia na ishirini
aliyowanunulia shangazi, iacheni nyumbani, imlinde shangazi.
Leteni penseli, rula ya chuma,
kisu cha kubadilisha wembe,
na plasta za vidonda, nyingi kuliko mnavyodhani.
Leteni sufuria mbili. Narudia, mbili.
Rangi ya vitambaa na supu ya bitiruti hazichangii chungu:
mwaka juzi Wacław alibana matumizi,
akatembea wiki nzima na ulimi wa samawati.
Viatu vifunike vidole. Nywele zifungwe.
Godoro la bweni ni jembamba kama ahadi;
leteni blanketi mlilokwisha kulilalia,
hata likinuka mbwa wenu. Sitamwambia mtu.

Wewe wa nyuma. Gniewomir, siyo? Wa kutoka Suwałki.
Jalada la kazi zako nimelipekua.
Safi. Safi mno, kama sahani ya mgeni.
Nikakuuliza, vilivyoharibika viko wapi?
Ukasema umevichoma kwenye jiko la babu
usiku wa kuamkia treni.
Jibu hilo limenikaa kooni asubuhi nzima.

Mwanangu, mimi huja kazini kwa ajili ya vilivyoharibika.
Kabati lile, si hilo, la kijivu,
lina kiti kilichomwangusha profesa mbele ya wageni,
gauni la mikono mitatu,
birika linalomimina kwa nyuma.
Waliovitengeneza wamehitimu, wana watoto, wana vipara;
bado hunipigia simu Krismasi
kuuliza kama nimevitupa.
Sijavitupa.

Nami niliwahi kuomba nafasi hapa.
Miaka kumi na tisa, sketi ya kuazima,
jalada langu lisilo na doa.
Hawakunichukua.
Majira ya kuchipua yaliyofuata
walitangaza kazi ya kushika funguo.

Basi. Dakika zangu zimekwisha zamani.
Ikifika Novemba, saa kumi jioni kumeshaingia giza,
tramu inapita imejaa watu wasiokujua,
na mwalimu amekwambia anza upya, kwa mara ya nne,
utataka kufunga sanduku.
Lifunge ukitaka. Kisha lipitishe kwangu kwanza.
Taa ya huku chini huzimwa saa tatu,
na birika, lile zima, huwa lina maji.

Nini? Ratiba?
Ratiba iko chini ya meza.
Anayeitaka na ainyanyue,
atafute kitu kingine cha kuweka.

Gniewomir ameshapiga magoti.
Hajaigusa karatasi.
Anapima pengo kwa kidole gumba.