Mshale Usicheze

Usiuzibe ukuta bado, Ganzorig;
lipu yako isubiri kwenye ndoo.
Ratiba inadai hewa ya baa sita,
mashahidi wawili, saa mbili,
mshale usicheze.

Septemba ya Ulaanbaatar imeshaota meno.
Oyunchimeg anaifuta geji kwa kiwiko,
anaandika: sita. Sita. Sita.
Kisha tano nukta tisa.

"Baridi tu hiyo," unasema.
Labda. Lakini kalamu imekataa.

Tunapapasa viungo kwa povu la sabuni,
ghorofa ya saba, chumba baada ya chumba,
mpaka nyuma ya bafu lisilo na mwenyewe
povu linacheka.

Usininunie.
Wahenga walihofia ufa;
mimi, ukuta ulioufunika.
Kesho tunapima upya,
kabla Januari haijaja kukagua yenyewe.